Kabla fundi hajagusa sanduku la stima, uliza leseni

Leo sina mzaha, na najua kuna watu wataniambia nimegeuka mwalimu wa zamu. Sawa tu.

Mnakumbuka ile video ya fundi akihamisha sanduku la swichi kwa susu wangu huku Kalama? Tulikuwa tunabomoa ukuta wa sebule tuongeze chumba, kwa hivyo hilo sanduku, lile mafundi huliita konsyuma yuniti, likabidi lihamie korido. Fundi alikuja na testa, plaisi na sapatu za mpira. Hakuzima chochote. Aliunganisha waya zikiwa laivu, akafunga na teipu, akalipwa mia nane, akaenda zake. Mimi nikaandika "fundi ni noma", laiki zikamiminika.

Mtu mmoja tu ndiye aliuliza kwa komenti, "Waya ya athi imeenda wapi?" Nikamjibu na emoji za kucheka.

Wiki mbili baadaye friji ikaanza kumuuma susu. Si ati ilimwangusha, ni ule mtetemo mdogo ukishika mlango na mikono iko na maji. Akawa anaifungua na leso. Hakutuambia, juu hakutaka tutumie pesa tena. Hiyo ndiyo inanisumbua mpaka leo.

Tukaita fundi mwenye leseni kutoka Machakos mjini. Akapata waya ya athi ilikatwa ikaachwa kwa ukuta wa zamani. Waya za taa, zile nyembamba, zilikuwa zimefungwa kwa breka ya ampea 32. Za taa za nyumbani kawaida ni 6 au 10. Ukiweka breka kubwa kwa waya nyembamba, waya inaweza kuungua kabla breka haijakata. Nyumba huchomeka hivyo tu.

Maoni yangu ni haya: kuhamisha hilo sanduku si kazi ya kubadilisha balbu. Ukizima swichi kubwa, waya zinazotoka kwa meta bado ziko na volti 240. Ndio maana stima inafaa ikatwe kabla ya hapo, na meta pamoja na sili yake ni mali ya Kenya Power, si yako wala ya fundi wako. Ombeni wao waje wakate.

Na sheria iko. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema mtu wa kufanya wayaringi lazima awe na leseni, na wanaoitoa ni EPRA. Leseni zina madaraja, kuanzia C2 mpaka A1. Kazi ikiisha, fundi anapima, halafu anakupatia cheti. Asipokupatia cheti, hajamaliza kazi.

Najua mtasema, "Bana, pesa iko wapi?" Ni kweli. Huyu wa pili alitutoza mara kadhaa ya ile mia nane, na nauli juu. Lakini tulilipa mara mbili kwa kazi moja. Ongeeni na majirani, mumlete fundi mmoja akague nyumba tatu siku moja, mgawane nauli. Na wewe fundi wa mtaa mwenye mkono mzuri, sikutukani. Soma, fanya mtihani, chukua leseni. Kazi iko, na utalipwa vizuri zaidi.

Ile video nimeitoa. Yule wa komenti nimemwomba msamaha, akaniuliza tu susu yuko aje. Yuko poa, na friji anaishika bila leso.

Homuweki ya leo: nenda kwa sanduku lenu, usilifungue, tafuta tu breka yenye kitufe kidogo kimeandikwa T. Hiyo ndiyo hukata stima kwa sehemu ya sekunde ikihisi miliampea 30 zinavuja, labda zikipitia kwa mwili wako. Waambie watu wa nyumbani kwanza, halafu bonyeza. Ikikata, washa tena ulale. Isipokata, au kama haipo kabisa, ongea na mzazi leo, si baada ya mvua.

Imekata ama haijakata? Niambie kwa komenti. Safari hii nitasoma zote.