Kuvuta ni Jambo Moja, Kubeba ni Jingine

Wiki hii tunalo swali la mama mmoja, msomaji wetu anayeishi Ohio, nchini Marekani, pamoja na mumewe na watoto wao wanne. Baba anayo pikapu nzuri. Sasa wameona tela la kulala, lenye vitanda, jiko na choo, na wamekusudia kulinunua kwa akiba yao ili likizo ijayo wawapeleke watoto kupiga kambi katika milima ya Colorado. Muuzaji amewahakikishia kwamba pikapu yao italivuta bila taabu. Mama ana wasiwasi. Mumewe anamwona mwoga. Anatuuliza, ni nani kati yao mwenye haki?

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji hatakuwamo garini siku ya kuteremka mlima. Basi na tuupime mzigo huu sisi wenyewe.

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuutazama uwezo wa kuvuta peke yake. Tuseme tangazo linasema kwamba pikapu huvuta kilo 5,000, na tela likijaa lina kilo 3,600. Mtu hufurahi akaona amebakiwa na nafasi kubwa. Lakini tela halivutwi tu, bali pia huilalia pikapu. Tela la aina hii linalofungwa nyuma ya gari hutakiwa liweke juu ya kiungo kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. Pungufu ya hapo, tela huanza kuyumba huku na huko kama mkia, na likizidi kuyumba huweza kulipindua gari linalolivuta.

Kwa hiyo kipimo kinachotangulia kuisha, mara nyingi, ni uwezo wa kubeba. Huo hausomwi katika tangazo. Dada yetu afungue mlango wa dereva, atazame kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango. Hapo pameandikwa uzito ambao watu na mizigo kwa pamoja hawapaswi kuuzidi. Tuseme kimeandikwa kilo 720. Sasa tujumlishe. Tela la kilo 3,600 litaweka juu ya kiungo kama kilo 450. Kiungo chenyewe ni kilo 45. Baba, mama na watoto wanne ni kilo 340. Majiko, viti na baiskeli nyuma ya pikapu ni kilo 85. Jumla ni kilo 920. Pikapu ileile iliyosifiwa kwa kuvuta kilo 5,000 imezidiwa kwa kilo 200.

Je, tangazo lilidanganya? La. Kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wa magari huko Marekani hukadiria kwamba ndani ya gari mna watu 2 tu, wa kilo 68 kila mmoja. Familia ya watu sita si familia ya tangazo.

Kosa la pili ni kuamini uzito wa tela likiwa tupu. Muuzaji hupenda kuutaja huo kwa kuwa ni mdogo. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 200 likijazwa, kilo 200 zimeongezeka kabla hata ya vyakula, nguo na vyombo. Hesabu na ifanywe kwa uzito wa juu kabisa ulioandikwa kwenye kibao cha tela.

Wapo watakaosema kwamba kipo kiungo maalumu chenye vyuma vya kugawa uzito. Ni kweli, na kwa tela zito kinafaa sana, kwani hurudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele na kuufanya usukani utulie. Hata hivyo, hakibadilishi namba iliyoandikwa mlangoni.

Tena kuna mlima wenyewe. Handaki la Eisenhower, katika barabara ya I-70 huko Colorado, liko takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Na shida kubwa zaidi ni kuteremka, pale breki zinapopata moto zikalegea. Tela zito ni lazima liwe na breki zake, na dereva awe na kifaa cha kuziongoza. Tela likianza kuyumba, asikanyage breki za gari kwa nguvu wala asipindishe usukani. Aondoe mguu kwenye mafuta, kisha ashike breki za tela peke yake kwa mkono.

Ushauri wetu ni huu. Wasitoe fedha kabla ya kupima. Wakiwa wote sita garini pamoja na mizigo yao, waende kwenye mizani ya malori iliyopo katika vituo vingi vya mafuta vya barabara kuu. Huku kwetu neno mizani huwatia madereva hofu ya faini. Kule hulipa ada ndogo, ukapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Wakilinganisha karatasi hiyo na kibandiko, watajua tela lao lisizidi uzito gani. Likiwa zito mno, watafute lililo jepesi, au waahirishe hadi wapate pikapu kubwa zaidi.

Kwa baba tunasema: mkeo hakukuona dhaifu, amewaonea huruma wanao. Na kwa mama: usibishane kwa hofu, bishana kwa namba. Mizani haimpendelei mume wala mke.