Kompyuta si tarishi wa alama

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa muda, lakini leo lazima niseme. Sisi mafundi wa programu tumewaangusha walimu.

Mchukueni mwalimu wa hisabati huku Zombe, mashariki ya Kitui. Anapakua kazi ya upimaji kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani (KNEC), anaichapisha, anasahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha anapandisha alama mtandaoni. Mtandao ukigoma, anatafuta saiba. Na alama hizo si mchezo. Upimaji wa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20 ya alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu. KPSEA ya Gredi ya 6 ni 20 nyingine, na KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, ni 60.

Sasa niambieni, kompyuta imefanya nini hapo? Imebeba barua tu.

Haya, 0.3 + 0.12 ni ngapi? Ni 0.42. Mtoto mmoja anachagua 0.15, mwenzake anachagua 0.9. Wote sufuri, lakini ugonjwa si mmoja! Wa kwanza anajua kujumlisha. Amechukua 3 na 12 kama namba nzima kwa sababu hajaelewa nafasi ya tarakimu. Wa pili huenda amebahatisha. Ukihifadhi sufuri pekee, umetupa habari ambayo mwalimu aliihitaji.

Na si teknolojia ya kesho. Mashine zilisoma vistari vya penseli vya KCPE miaka mingi kabla ya mtihani huo kukoma 2023. Shida ni kwamba matokeo yalitoka mtoto ameshaaga shule ya msingi. Yalimpanga, hayakumfundisha.

Mtasema Zombe mtandao si wa kutegemea. Ndiyo maana nataka programu inayofanya kazi bila mtandao, kwenye simu ya mwalimu mwenyewe. Ihifadhi kila jibu, si jumla tu. Jioni imwambie: watoto 14 kati ya 40 wamechagua 0.15, kesho rudia nafasi ya tarakimu. Alama zitapanda zenyewe mtandao ukirudi.

Hiyo si akili bandia. Ni jedwali moja na kuhesabu. Tumeshindwa kuiandika kwa sababu anayelipia programu ni ofisi, na ofisi inataka jumla. Mtoto anataka kujua alipokosea, tena kabla ya muhula kwisha.

Mafundi wenzangu, mwasemaje?