Bi Harusi, Usiishie Kuuliza Kamera Gani: Uliza Picha Zako Zinalala Wapi

Leo naomba nizungumze habari za kamera, na msinicheke, maana mimi si mpiga picha wa kusomea. Ni mama wa nyumbani tu wa hapa Mabawa, Tanga, nauza vitenge na madera, na kamera ni kitu ninachokipenda kama mwengine anavyopenda kushona. Nilianza kwa kupiga asumini za uani na watoto wa jirani. Kisha nikapiga harusi ya mdogo wangu, upande wa wanawake, na tangu siku hiyo sijakaa. Sababu ya kuitwa naijua vizuri, si ufundi. Ni kwamba mimi ni mwanamke, na bi harusi anataka avue mtandio mbele ya kamera bila kuangalia mlango.

Mwezi uliopita alinipigia binti mmoja wa Pemba, anaolewa huku kwetu Makorora. Kabla ya kuuliza bei akauliza, "Dada, unatumia kamera gani? Ni zile mpya zisizo na kioo ndani?" Nikamwambia ni Canon 600D, ya mwaka 2011. Kimya. Kisha akasema, "Haya dada, nitakujulisha." Mpaka leo.

Sikukasirika, mteja ana haki ya kuchagua. Lakini kuna jambo hakuniuliza, na hilo ndilo lililonifanya nikae niandike.

Kwanza nimtetee bibi kizee wangu kidogo. 600D ina megapikseli 18. Kwa albamu ya mezani na hata picha ya kutundika ukutani hizo zinatosha na kubaki. Udhaifu wake ni gizani. Ukipandisha hisia yake ya mwanga, ile ISO, ukapita 1600, picha inaanza kuingia chenga kama sima ya muhogo. Na kumbi zetu mnazijua: taa za zambarau, taa za kijani, na moshi wa udi juu yake. Dawa yangu si kununua kamera ya mamilioni. Ni lenzi moja ya milimita 50 inayofunguka mpaka f/1.8, ambayo ni katika lenzi za bei ndogo kabisa za Canon. Mdomo wake mpana unaingiza mwanga mwingi kuliko ile lenzi inayouzwa pamoja na kamera. Kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo, weka kwenye lenzi kwanza, kamera baadaye. Na hifadhini lenzi zenu kwenye kopo linalofunga sawasawa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Hewa hii yetu ya bahari inaotesha ukungu ndani ya kioo, na ukungu ukishashika, fundi wa kuuondoa ni wa kutafuta kwa tochi.

Kitu kimoja ninachowaonea wivu wenye kamera kubwa ni nafasi mbili za kadi. Kila picha inaandikwa mara mbili, kadi moja ikifa ya pili ipo. Yangu ina nafasi moja. Kwa hiyo natumia kadi ndogo ndogo za GB 16, nyingi, na nabadilisha kila baada ya sehemu moja ya shughuli. Picha ghafi moja ya kamera yangu ni kama MB 25, kadi moja inabeba mia sita hivi. Ikiharibika, nimepoteza hina, sijapoteza harusi nzima.

Sasa nije kwenye lile ambalo binti hakuniuliza. Kamera yangu haina waifai. Haijui intaneti ni nini. Picha inaingia kwenye kadi, na inakaa hapo mpaka mimi niitoe kwa mkono wangu. Kamera nyingi za siku hizi zinaweza kurusha picha kwenye simu hapo hapo ukumbini, na wapiga picha wengi wanalisifia hilo kama jambo kubwa: bi harusi hajamaliza kula keki, picha zake ameshatumiwa. Mimi kwa upande wa wanawake naona ni balaa. Tunakusanya simu za wageni mlangoni kwenye kikapu, tunamweka shangazi mkali alinde, halafu katikati ya ukumbi kuna kamera imeunganishwa na simu, na simu imeunganishwa na dunia.

Najua kwa sababu yamenikuta, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Bi harusi mmoja wa mtaani kwetu aliniomba picha moja tu ya haraka, amtumie dada yake aliye Muscat. Nikachukua kisoma kadi, nikachomeka kwenye simu yangu, nikavuta picha kumi na mbili ili achague. Akachagua, nikamtumia, nikarudi kazini. Simu yangu ilikuwa na ile programu ya picha inayopandisha kila kitu mtandaoni yenyewe, niliiruhusu siku niliyoinunua na nikasahau. Na ile simu yangu ya zamani nilikuwa nimempa mwanangu wa kiume, kidato cha pili, bila kutoa akaunti yangu. Saa tatu usiku, nimefika nyumbani nimechoka, namkuta amekaa sebuleni na wenzake wawili. "Mama, huyu nani?" Picha zote kumi na mbili. Nywele, mabega, hina mpaka kwenye kiwiko. Msichana ambaye hata kaka wa mumewe hawajawahi kumwona bila baibui.

Nilimnyang'anya simu. Watoto wale hawakuwa na nia mbaya, na sijasikia kwamba ilitoka nje ya chumba kile. Lakini usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda kwa bi harusi nikamweleza, maana ni amana yake na ana haki ya kujua kilichoipata. Alilia. Akaniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: "Dada, sasa ziko wapi nyengine?"

Ndipo nilipoanza kujifunza upya. Nilijifunza kwamba kufuta picha kwenye simu hakutoshi, kwa sababu programu hizo huziweka kwenye pipa la taka kwa siku kadhaa na pipa lenyewe lazima ulimwage. Nilijifunza kwamba hata kwenye kadi, ukifuta, kinachofutika ni jina la picha tu kwenye orodha. Picha yenyewe inabaki mpaka iandikwe nyengine juu yake. Kuna programu za bure kama PhotoRec ambazo kazi yake ni kuzirudisha, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzitumia. Sasa fikiria mpiga picha anayemwazima mwenzake kadi, au anayeuza kamera ya mtumba na kadi ndani yake. Mimi kadi zangu siazimi. Nikishamkabidhi bi harusi picha zake, naifomati kadi kwa ile njia ya ndani kabisa ambayo kamera yangu inayo kwenye menyu, kisha naiweka kamera mezani irekodi ukuta mtupu mpaka kadi ijae. Mume wangu ananiona kichaa. Video za ukuta wetu ninazo nyingi kuliko za watoto.

Kwenye programu za kusafishia picha napo kuna mtego. Watu wanasema "Lightroom" kana kwamba ni kitu kimoja, wakati tangu 2017 ziko mbili. Ile inayoitwa Classic inafanya kazi na picha zilizo kwenye kompyuta yako. Ile nyengine imejengwa kwa ajili ya kuziweka picha kwenye mtandao ili uzione kwenye simu na kila mahali. Kwa picha za mandhari ya Raskazone, haidhuru. Kwa bi harusi aliye kichwa wazi, hapana. Vivyo hivyo na mambo ya akili mnemba: ile ya Photoshop ya kujaza sehemu ya picha kwa kuandika maneno haifanyi kazi bila intaneti, kwa sababu kazi inafanyika kwenye kompyuta za kampuni, mbali huko. Unaondoa ndoo iliyosahauliwa nyuma ya kiti, kumbe umemsafirisha bi harusi. Mimi natumia darktable. Ni ya bure, ipo tangu 2009, ni ngumu kujifunza na imenitoa machozi wiki mbili za mwanzo, lakini inafanya kazi kwenye kompyuta yangu ya mtumba ambayo sijawahi kuiunganisha na mtandao.

Na hapo hapo kwenye kusafisha, niseme la rangi. Jamani, tuacheni kuwapaka mabi harusi chokaa. Mama mmoja alinionyesha albamu ya binti yake iliyopigwa na mtu mwengine, akaniambia, "Mwanangu simwoni humu." Na kweli, msichana mweusi wa kupendeza amekuwa rangi ya unga wa sembe, na hina aliyokaa nayo usiku kucha imegeuka kama juisi ya pasheni. Kosa huanzia kwenye kamera. Inapoona gauni jeupe limejaa, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unazama gizani. Kisha mtu anakwenda kuung'arisha kwenye programu, na anapofika hapo hajui pa kusimama. Wakati dawa ni kuongeza mwanga hatua moja au zaidi palepale unapopiga, ukitazama uso, usiangalie gauni. Kwenye simu, zima kile kitufe cha urembo kabla hujapiga.

Ubaya huu ni wa zamani. Tangu miaka ya 1950 Kodak walikuwa wakiwapa wasafishaji wa filamu kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wao, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha ngozi zote. Na inasimuliwa kwamba walioisukuma kampuni irekebishe filamu zake kwa rangi za giza walikuwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, wanaotaka bidhaa zao zionekane sawasawa. Nikikumbuka hilo huwa nacheka na kukasirika kwa pamoja. Leo kamera zinaweza, tatizo ni mkono unaovuta kile kitelezi cha weupe.

Wapo watakaosema mambo ya siri za picha ni wasiwasi wa kisasa. Hapana. Studio zetu za pwani zina umri: Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa 1930, na Lamu alikuwepo Omar Said Bakor na studio yake. Enzi za filamu, picha ulipewa wewe, lakini ile hasi mara nyingi ilibaki kwa mpiga picha, kwenye bahasha, kwenye kabati. Bibi zetu walijua hasi iko kwa nani na kabati liko nyumba gani. Sisi tunaambiwa tu "ziko kwenye mfumo".

Hata uchapaji una mambo yake. Ukizipeleka picha dukani kwa flashi diski, kijana anazinakili kwenye kompyuta ya duka kwanza, na hapo zinabaki na picha za pasipoti za mji mzima. Kwa hiyo picha za kichwa wazi nachapa nyumbani kwa Canon Selphy, kimashine kidogo cha picha za ukubwa wa postikadi. Karatasi zake ni ghali na huku naagizia Dar es Salaam. Lakini sikilizeni: ule utepe wa rangi ukishatumika, uunyooshe mbele ya taa. Utaiona kila picha uliyochapa, sura kamili, imeganda juu ya plastiki. Nilipogundua hilo nilikuwa nimeshatupa tepe tatu jaani. Siku hizi nazikata kwa mkasi vipande vipande, mbele ya bi harusi akitaka.

Kwa upande wa sheria, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha yako ni taarifa yako. Lakini sheria inakuja baada ya maji kumwagika. Mimi naandika karatasi moja kabla ya shughuli: nani ataziona, zitakaa kwenye kifaa gani, nitazifuta lini, na kwamba sitaweka hata moja kwenye stetasi bila ruhusa yake. Bi harusi anatia saini na mimi natia saini. Mpiga picha akikataa kukujibu hayo, hata kama ana kamera ya thamani ya shamba la minazi, ahsante, karibu tena.

Yule bi harusi wangu wa picha kumi na mbili alinisamehe, Mungu amlipe. Alikuja nyumbani tukakaa pamoja tukafuta, simu moja baada ya nyengine, akahakikisha kwa macho yake. Mwaka jana alijifungua mtoto wa kike, na arubaini yake akaniita nipige. Aliniambia nije na kamera, simu niache.

Alhamisi hii nina kesha hapa hapa Mabawa. Betri ziko kwenye chaji, kadi nne ziko tayari, na simu yangu itabaki kwa wifi yangu mpaka nirudi.