Prezida wa koperative akitaka ubunge



Mwaka wa kura ukikaribia, kuko swali moja tunaloulizwa kila tunapopita kwenye mapepinieri: prezida wetu anataka kusimama, ao mama yetu wa pepinieri anataka kusimama, tumkubalie? Wengine wanasema hapana, politiki ni uchafu, ataharibika. Wengine wanasema sawa, akipita atatuletea mashini ya kukoboa. Sisi waagronome tunaona majibu yote mawili hayatoshi. Tutaeleza kwa maisha ya mama mmoja ambaye wengi mumesikia jina lake, Wangari Maathai wa Kenya.

Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, upande wa Nyeri. Alisoma biolojia Marekani, akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1971 akapata udaktari wa masomo, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mtu wa vyeti, basi. Lakini alipoanza mwaka 1977 kupanda miti pamoja na wamama wa vijijini, mafundi wa misitu walikuwa na mashaka: hiyo ni kazi ya mwenye diploma. Wamama wakatumia vile walivyokuwa navyo, vyungu vilivyovunjika na makopo yaliyotobolewa, na mbegu walizookota wenyewe. Walipewa pesa kidogo, kama senti nne za dola, kwa kila mche uliopona. Si mche uliogawiwa, uliopona. Sisi tuliosoma kilimo tunapenda sana hapo, juu hadi leo kuko raporti zinazohesabu tu miche iliyoshushwa kwenye gari, na hakuna anayerudi kuangalia kiangazi kikiisha.

Miti njo ilimfikisha kwenye politiki. Katika semina za chama chake, Green Belt Movement, watu waliulizwa matatizo yao yanatoka wapi. Wengi walitaja leta. Kisha wakaulizwa: na ninyi wenyewe? Alikuwa na mfano wa msafiri aliyepanda basi isiyo yake: pengine hakuuliza, pengine aliogopa kuuliza, pengine alidanganywa. Kwa njia hiyo watu walianza kuona kwamba unaweza kupanda mlima mzima kwa miaka kumi, na mtu mmoja katika ofisi akasaini karatasi moja, msitu ukaenda. Mwaka 1989 wakubwa wa Kenya walitaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya raia katikati ya Nairobi. Maathai aliandika barua kila mahali. Alitukanwa bungeni, chama kikafukuzwa katika ofisi, kazi ikahamia nyumbani kwake. Jumba halikujengwa. Mwaka 1999 alikwenda kupanda miti Karura, msitu uliokuwa umeanza kugawiwa watu wa kujenga, akapigwa hadi damu ikatoka kichwani.

Hapa kwetu ni vile vile. Kodi ya misitu ya mwaka 2002 na dekre ya 2014 zinaipa jamii ya mahali haki ya kuomba msitu wake, hadi hektari 50.000, bila kuununua. Nani anasaini? Gavana wa jimbo. Na gavana anachaguliwa na madepite wa jimbo, wale tunaowapigia kura. Kwa hiyo mwenye kutuambia kwamba mkulima abaki na jembe lake, aache politiki, anatuomba tuache pia karatasi ya msitu.

Basi asimame. Lakini tuangalie njia yenyewe ilivyokuwa. Mwaka 1982 Maathai aliacha kazi ya ualimu ili agombee ubunge. Alikataliwa kwa sababu ya mambo ya orodha ya wapiga kura, na chuo hakikumrudishia kazi. Akakosa mshahara na nyumba. Mwaka 1997 aligombea urais na ubunge pamoja. Siku za mwisho ikaenea habari ya uongo kwamba amejiondoa, akashindwa vyote. Ni mwaka 2002 tu ndipo watu wa Tetu walimpa karibu kura zote, asilimia 98. Akawa naibu waziri wa mazingira, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Naibu waziri lakini si waziri, na katika leta mwenye kalamu ni mwingine. Tena si wakulima wote walimfurahia: alipinga waziwazi mtindo wa kulima chakula ndani ya misitu ya leta. Hapo sisi tungebishana naye, juu tumeona mihogo na miti midogo ikikaa pamoja vizuri, ikiwa mtu anafuatilia.

Mwaka 2007 akapoteza kiti. Pepinieri hazikufungwa. Zilikuwa mikononi mwa vikundi vya wamama, si mikononi mwa mbunge, na chama kinaendelea hata baada ya kifo chake mwaka 2011. Yeye mwenyewe aliendelea na kazi ya balozi wa misitu ya Bonde la Kongo, aliyopewa mwaka 2005 na marais wa Afrika ya Kati. Msitu wetu, wandugu, ulikuwa na wakili kutoka Nyeri.

Sasa koperative zetu. Tumeona depo inayofunguliwa na ufunguo wa mtu mmoja, na mtu huyo akiingia kampanye mbegu za wanamemba zinaanza kutoka na picha yake juu ya mfuko. Akipita, koperative inakuwa ya chama chake. Akishindwa, inaadhibiwa na aliyepita. Sheria ya OHADA inasema koperative ni huru na inajitegemea. Tunapendekeza statu ziseme wazi: anayetaka kiti cha leta aweke chini muhuri, ufunguo wa depo na saini ya benki kabla ya kampanye, mbele ya komite ya ukaguzi. Orodha ya wanamemba na namba zao za simu zibaki katika ofisi. Na akishindwa, apokelewe shambani kama memba wa kawaida, mavuno yake yapimwe kwenye mizani ile ile, asifanyiwe sawa chuo kile kilivyomfanyia Maathai.

Statu hazibadilishwi na komite. Ni kazi ya mkutano mkuu wa pekee, kwa hiyo muuitishe mapema, mbele ya wagombea kuanza kujiandikisha.