Tope la Ndiva

Wakulima wa tambarare ya mashariki ya Same, kuanzia Ndungu na Kihurio hadi Bendera, wanaishi kwa maji yanayoshuka kutoka milima ya Pare Kusini. Mvua ya mlimani ni nyingi, ya bondeni haba, kwa hiyo kila mjadala wa kilimo huku huishia kwenye maji, na wa maji huishia kwenye saruji: banio jipya, mfereji wa zege, lambo jingine. Toleo hili linaanza na kazi isiyo na jiwe la msingi wala utepe wa kukata, nayo ni kuzoa tope. Hoja yetu ni kwamba usafi wa mfereji, mara nyingi kuliko wingi wa maji kijitoni, ndio unaoamua nani apate na nani akose.

Kijito chembamba hakina nguvu ya kufikisha maji shamba la mbali. Yakiachwa yatiririke hivyo hivyo hunywewa na udongo njiani. Ndiyo maana Wapare, tangu kabla ya ukoloni, walijenga ndiva: bwawa dogo linalojazwa usiku, kisha asubuhi kizibo kinafunguliwa na maji yanatoka kwa kishindo. Lakini maji yakitulia, udongo uliokuja nayo hutua chini. Tope likifika magotini, ndiva inakauka kabla zamu hazijafika nusu. Mfereji nao huota majani, mizizi inatoboa kingo, maji yanavuja. Mwenye shamba karibu na banio haoni shida sana, kwani hata mfereji ukijaa yeye atapata. Anayeumia ni wa mkiani. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, watu wanapotoka na majembe na sepetu, wa juu humfanyia kazi wa chini, na asiyefika hulipa faini au hukosa zamu. Haki ya maji huanzia hapo, kabla haijafika kwenye kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Wapo wanaosema zege litamaliza yote. Ni kweli zege huzuia uvujaji na kupunguza majani, na skimu ya Ndungu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990, inalima mpunga kwa maji ya mto Yongoma. Lakini zege halizuii mto kubeba udongo. Mteremko ukilimwa bila matuta, mchanga utajaza mfereji wa saruji kama unavyojaza wa udongo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba msaragambo unamwonea mnyonge, na hili tunalikubali. Mjane wa robo eka akitoa siku sawa na mwenye eka tatu, anamlimia tajiri. Na mwenye fedha akilipa faini ndogo na kubaki nyumbani, mzigo unawarudia wale wale. Lakini kufuta msaragambo kutamuumiza mjane huyo kuliko wote, maana hana fedha za kuajiri kibarua. Kazi igawiwe kwa ukubwa wa shamba, mfereji upimwe kwa hatua, na faini izidi ujira wa kibarua.

Tunawaomba viongozi wa vyama vya wamwagiliaji, kabla ya kuandika barua ya kuomba banio jipya, wapime kina cha tope katika ndiva walizonazo, wakiandike daftarini na kukisoma mbele ya mkutano wa kijiji. Vuli isitukute bado tunajadiliana.