Ngozi ikibambuka, uliza kwanza amekunywa dawa gani

Mtu akitokwa na malengelenge mwili mzima, midomo ikachanika na ngozi ikaanza kubambuka kama aliyemwagikiwa maji moto, huku kwetu Pwani maneno hayakawii. Wapo watakaosema ametupiwa jini, wapo watakaosema ni surua. Swali linaloulizwa mwisho, au lisiloulizwa kabisa, ni hili: wiki hizi amekunywa dawa gani?

Maradhi haya huitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioyaeleza mwaka 1922. Ni nadra, lakini yanaua. Yakiwa ya kiasi, hufariki hadi mgonjwa 1 kati ya 10. Ngozi ikibambuka zaidi ya asilimia 30 ya mwili, hufariki karibu 1 kati ya 3. Baadhi ya wanaopona hubaki na makovu ya macho, hata upofu.

Dawa zinazoyaleta si ngeni. Septrin, inayopatikana karibu kila kemisti, ni ya kundi la salfa. Zimo pia allopurinol ya gauti, nevirapine iliyotumika miaka mingi kutibu VVU, na dawa za kifafa kama phenobarbital na carbamazepine. Kwa kaunti kama Kilifi, yenye wagonjwa wengi wa kifafa, jambo hili si la mbali.

Wengi huwanusurisha dawa hizi, na hakuna sababu ya kuziogopa. Tatizo ni kwamba madhara huanza kati ya siku 4 na wiki 4 tangu dozi ya kwanza. Kufikia hapo mtu huenda amemaliza vidonge na kuvisahau. Ndipo jini hupata nafasi.

Kemisti zetu nazo zinachangia. Sheria inataka antibayotiki ziuzwe kwa cheti cha daktari, lakini mtaani unataja kikohozi tu, unapewa vidonge kwenye kibahasha kisicho na jina. Akifika hospitali, mgonjwa hujibu, "Vilikuwa vyeupe." Daktari atasimamisha dawa gani hapo? Na ilhali kuisimamisha mapema ndiyo hatua ya kwanza ya kumuokoa.

Kenya imewahi kuona faida ya kufuatilia. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa Nairobi ulioonyesha wagonjwa wa kifua kikuu wenye VVU wakidhurika vibaya ngozi kwa dawa ya thiacetazone, wengine hadi kufa. Baadaye Shirika la Afya Duniani likashauri wagonjwa kama hao wasipewe. Lau vifo vile vingehesabiwa kuwa kudura pekee, dawa ingeendelea kutolewa.

Kwa hivyo serikali za kaunti zianze na dogo: kila kibahasha kiandikwe jina la dawa na tarehe, na zahanati ziripoti kila kisa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Nasi majumbani tujue dalili: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, ngozi inayouma. Ukiziona baada ya kuanza dawa, usingoje kesho wala usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali na kibahasha mkononi. Aliyepona naye atembee na jina la dawa iliyomdhuru, kwani akiirudia inaweza kummaliza.