Mpasheni na Ua Lake

Mpasheni tuupandao nyuma ya nyumba hapa Isevya hausimami peke yake; hutoa vikono vyembamba kama uzi, na kila kikono hutafuta kijiti, kikajizungusha. Kiangazi chetu ni kirefu, basi unyweshwe.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Huko mapadre wa Kihispania walilisoma ua lake kuwa picha ya Mateso ya Bwana, ndipo likapata jina: nyuzi zake taji la miiba, ncha tatu misumari, vifuko vitano vya unga majeraha. Ni ukumbusho, si hirizi; asilifunge mtu shingoni mwa mtoto.

Nanyi walimu, msilichume kwa somo, maana tunda hupotea. Mpasheni wa tunda la zambarau hufungua ua alfajiri, na adhuhuri huwa limekwisha fumba. Wapelekeni watoto mapema, nyuki wangali kazini.